Usiku Nilishika Kamba ya Shemeji

Watu ya kuzama kwa mto, wale wenye walijifunza hii kazi kwa kutafuta dhahabu kule Congo, iko na sheria moja: kamba ya mtu yenye iko chini ya maji inashikwa na shemeji yake. Si ndugu. Si rafiki. Shemeji. Siku ya kwanza niliuliza kwa nini, na bwana ya dada yangu alinicheka mpaka akakohoa.

"Sikiliza," akasema. "Nikikufa, ndugu yangu atalia kidogo, kesho anapanda pikipiki yangu. Rafiki atakunywa chai ya msiba, atasema chai haina sukari, ataenda. Lakini wewe? Mi nikikufa, dada yako anarudi kwa nyumba ya mama yenu na watoto yote, na wewe ndiyo utawalisha. Kwa hiyo utavuta. Utavuta mpaka mikono itoke kwa mabega."

Ndiyo nilivyopata kazi ya kamba. Kazi yangu yenyewe ni pancha, kuziba tairi, hapa Koboko, kwa barabara ya kuenda mpakani. Hakuna mtu alinifundisha. Injini nilifungua, nikafunga, ikakataa, nikafungua tena. Nikishindwa naangalia kwa simu. Na mdomo yangu watu wote wanaijua. Wakati shemeji alirudi kutoka Congo, amekonda kama mti ya ufagio, wajomba walikaa kwa nyumba yetu wakasema dada yangu amwache, hii mwanaume si kitu. Mi nilikuwa mdogo kwa wote wenye wamekaa pale. Nilisimama nikawaambia yenye atarudia hiyo neno atoke nje na mimi. Kiti moja ilivunjika. Mama hakunisemesha wiki mzima, lakini dada yangu alibaki na bwana yake. Mtu yangu ni mtu yangu, basi.

Sasa elewa vile anazama. Ile chupa ya chuma ya kubeba mgongoni, ya watu ya bahari, sisi tunaona kwa simu tu. Yetu ni kompresa, ndugu ya ile ya kujaza tairi: injini ndogo ya petroli, tangi, na paipu refu ya manjano yenye inashuka kwa maji mpaka kwa mdomo yake. Anauma kidude na meno, anavuta hewa, anaachia. Kiunoni amefunga mkanda ya vipande ya chuma, asielee. Injini inatoa moshi upande moja, na upande ingine iko kipaipu yenye inavuta hewa safi. Mtumbwi ikiangalia upepo sawasawa, moshi inaenda zake nyuma na hakuna shida.

Na kamba ndiyo mdomo yake. Nikivuta mara moja, nauliza: uko? Akijibu mara moja: niko. Mara mbili: nipe kamba. Mara tatu: nitoe. Lugha yote ni hiyo.

Ile kazi ilikuwa ya mfanyabiashara moja ya Arua. Injini yake ya kinu ya kusaga, ile kubwa ya chuma yenye wanaume sita wanabeba wakilalamika, iliteleza kwa mtumbwi ikaanguka kwa Naili, chini ya Rhino Camp. Tulitoka Koboko mchana, tukapita Omugo, kompresa imefungwa nyuma kwa pikapu na sisi tumekaa juu yake tunakula vumbi. Sisi ilikuwa watu nne kwa mtumbwi: shemeji, mimi, mwenye kompresa, na mzee ya mtumbwi. Mwenye kompresa ni Mcongo ya Ariwara, mnene, mpole, anapenda mashine yake kuliko bibi. Ile mzee ndiyo alikuwa anaendesha siku injini ya kinu ilianguka, kwa hiyo yeye ndiyo alijua mahali. Tajiri mwenyewe alibaki kwa nchi kavu, ndani ya pikapu, na redio.

Kwa nini usiku? Mi pia nilipiga kelele hiyo.

"Mchana mitumbwi ya injini inapita hapa kama nyuki," shemeji akasema. "Moja ikate paipu yangu, utaeleza nini kwa dada yako? Na usiku kiboko wametoka kwenda kula majani huko juu. Maji ni yetu."

"Na mamba?"

"Mamba anaogopa kelele ya kompresa."

"Nani alikuambia?"

"Mamba."

Mzee akacheka na pua. Mi sikucheka. Shemeji akasema chini kule mchana na usiku ni kitu moja, matope tu, mtu anafanya kazi na vidole. Akavaa miwani ya maji, akasema bismillahi, akauma kidude, akajiachia nyuma. Maji ikamfunga. Bado naichukia ile sauti, ndogo sana, kama mtu amefunga mlango ya chumba ya pili.

Mara ya kwanza ilienda vizuri. Alitafuta, akatafuta, akatoka anacheka, matope mpaka kwa masikio.

"Iko! Imelala ubavu kama ng'ombe. Nipeni kamba kubwa nikaifunge, asubuhi watu wavute kutoka nchi kavu."

Akashuka mara ya pili na kamba kubwa. Ile kamba ndogo, ya kiuno yake, ilibaki kwa mkono yangu.

Radi ilianza ng'ambo. Kwanza mwangaza tu, bila sauti, kama mtu anawasha na kuzima tochi nyuma ya kilima. Halafu upepo ikasimama kabisa, na mzee akageuza kichwa.

"Kijana, hii sipendi."

"Hujaombwa upende, mzee."

"Nakwambia itakuja na nguvu. Matete itakatika, visiwa mzima ya matete itashuka na maji, itatubeba. Mtoe mtu yako tuende."

Nikavuta mara moja. Akajibu mara moja: niko. Nikavuta mara tatu, kumwambia atoke. Akajibu mara mbili, nipe kamba. Yaani alikuwa karibu kumaliza, alitaka kidogo tu. Hivyo ndiyo yeye iko, hapana kuacha kitu nusu. Nikampa kamba.

Na hapo upepo ikatupiga.

Mi nimeona mvua ya Koboko yenye inang'oa mabati, nilifikiri najua mvua. Sikujua. Kwa nchi kavu unaweza kukimbia. Kwa maji unakaa tu, na kitu nyeusi inakuja, unaisikia kabla ya kuiona. Mtumbwi ikapanda, ikaanguka, meno yangu ikagongana. Mvua ikaja kwa ubavu, baridi, inauma kama changarawe. Taa yetu ikazimika. Mwenye kompresa akawasha tochi ya simu, akaishika na meno, na kwa ile mwangaza nikaona maji inaruka juu ya injini na injini inaanza kukohoa.

Inakohoa, inakaa kimya kidogo, inashika tena. Kila ikikaa kimya, roho yangu pia inakaa kimya. Kwa tangi inabakia hewa ya dakika chache tu. Injini ikikufa, mtu chini anavuta, anavuta, halafu kidude inakuwa ngumu kwa mdomo yake kama jiwe.

"Turubai!" mwenye kompresa akapiga kelele. "Mulete turubai!"

Mzee akaivuta kutoka chini ya mbao. Tukaifunika kompresa yote, juu, kando, kila upande, tukakanyaga ncha na miguu isiruke. Na injini ikatulia. Ikalia sawa, nzito, vizuri. Wallahi nilimshukuru Mungu kwa sauti. Mwenye kompresa akapiga turubai na mkono, kama mtu anapiga mgongo ya mtoto.

"Umeona? Mutu yetu atapumua."

Nikavuta kamba mara moja. Uko?

Akajibu mara mbili. Nikampa kamba.

Nikavuta tena. Uko? Akavuta moja. Halafu mbili. Halafu moja ndefu, pole pole, kama mtu anavuta shuka usiku.

"Anasema nini?" mzee akauliza.

"Anacheza. Shemeji yangu anapenda kucheza."

"Hapa? Na hii?" Mzee akaonyesha juu, na radi ikapasuka pale pale, nikaona mdomo yake wazi na meno yake tatu.

Nikavuta. Kamba ikakaa kimya. Nikavuta tena. Ikaja nne, tano, haraka haraka, halafu hakuna. Hakuna nambari tano kwa lugha yetu. Mtu akiwa kwa hatari anavuta tatu, hata akiwa anakufa anavuta tatu. Hii ilikuwa mtu yenye hajui anashika nini.

"Namtoa," nikasema.

"Ngoja!" Mwenye kompresa akanishika bega. "Kama anafunga kamba kubwa, ukimuvuta sasa utamukunja na paipu, itakatika. Hewa iko. Si unasikia mashine? Mashine iko muzuri!"

Na ilikuwa kweli, mashine ilikuwa nzuri. Nikafikiri labda petroli imechafuka, labda hewa ni kidogo, niangalie. Nikafunga kamba kwa mguu yangu, nikainua ncha ya turubai, nikaingiza kichwa.

Macho ikaungua. Pua ikajaa. Nikavuta pumzi mbili na kichwa ikageuka kama nimeanguka kwa kisima.

Kwa mtaa yetu iko mama moja, wakati ya mvua, aliingiza jiko ya makaa ndani ya nyumba, akafunga dirisha, akalala na joto. Asubuhi tulivunja mlango. Alikuwa amelala vizuri sana, uso laini. Ile uso ndiyo niliona, ndani ya giza ya turubai. Moshi yote ya injini ilikuwa imefungwa pale chini, haina pa kutokea, na ile kipaipu ya kuvuta hewa pia iko pale pale ndani, inavuta. Tulikuwa tunafunika mashine isikufe, na ile moshi tunamlisha mtu yetu, pole pole, kwa paipu ya manjano.

Nikatoka nikashika turubai na mikono mbili nikaing'oa.

"Wewe kichaa!" Mwenye kompresa akanirukia. "Mvua itaua mashine!"

"Moshi! Anapumua moshi! Tunamuua!"

"Mashine ikikufa hana hewa!"

"Hana hewa sasa! Toka!"

Tulisukumana pale, kwa mtumbwi yenye inaruka. Mi nilimpiga, sitaficha, nilimpiga kwa kifua na kichwa. Upepo ikachukua turubai kutoka mikono yetu sisi wote, ikaenda kwa giza kama ndege mkubwa. Mvua ikaanguka kwa injini. Ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikakufa.

Ile kimya sitaisahau. Mvua ilikuwa inapiga kelele, radi, maji, kila kitu, lakini mi nilisikia kimya tu.

Nikashika kamba nikavuta. Ikaja kidogo, halafu ikagoma. Nikavuta na mgongo. Ikagoma. Mwenye kompresa sasa ameelewa, amekaa nyuma yangu, ameshika pia, analia, "Mungu wangu, Mungu wangu." Tukavuta wawili. Kamba ilikaa kama imefungwa kwa nchi. Na ndiyo ilikuwa imefungwa: kichwa yake ikiwa imelewa moshi, alizungusha kamba ya kiuno yake kwa ile chuma ya kinu pamoja na kamba kubwa. Alijifunga mwenyewe.

Kwa tangi sindano ya kupima hewa ilikuwa inashuka. Nikapiga kelele jina yake kwa maji. Ujinga. Maji haisikii.

"Acha kuvuta!" mzee akasema.

Mi nilifikiri anataka kukata kamba ya nanga yenye inatushika, atukimbize. Nikamwambia, "Mzee, ukigusa nanga nitakutupa kwa mto."

"Funga mdomo yako na unipe kamba!"

Akainyakua. Akangoja. Mtumbwi ikaanguka chini kati ya mawimbi mbili, na pale chini, haraka, akazungusha kamba kwa mbao ya katikati, akaikaza. Wimbi ikatuinua. Mtumbwi mzima ikavuta, si sisi. Mbao ikalia. Ubavu ya mtumbwi ikalala, maji ikaingia kwa miguu yetu. Hakuna. Tukashuka tena, akakaza tena, mkono yake inatoa damu. "Mukae ile upande ingine!" Tukakaa. Wimbi ikaja, kubwa, mi nilifunga macho. Nikaomba mbao isivunjike, kamba isikatike, kiuno yake isikatike.

Kitu chini ikaachia.

Kamba ikawa laini. Kwa muda kidogo nilifikiri imekatika, na hapo nikaogopa kuliko pale pote. Halafu nikasikia uzito. Tukavuta, mikono juu ya mikono, na akaja, mgongo kwanza, kidude imetoka kwa mdomo, mikono inaning'inia. Tukamwingiza kama samaki. Mzee akakata nanga na panga, na upepo ikatuchukua, na hakuna mtu aliuliza tunaenda wapi.

Nilimlaza ubavu nikampiga mgongo. Hakuna. Nikampiga tena. Nikasema, "Usinifanyie hivi, wewe mjinga, usinifanyie hivi." Nikaweka mdomo yangu kwa mdomo yake, vile niliona kwa simu, nikapuliza, ladha ya matope na petroli. Mwenye kompresa alishika tochi na mtumbwi ilikuwa inaruka, kwa hiyo uso ya shemeji ilikuwa inakuja na kuenda. Nikapuliza. Nikapuliza.

Akatapika juu ya mguu yangu. Kitu nzuri kuliko yote nimewahi kutapikiwa.

Akafungua macho, lakini haikuniona. Akasema, na sauti ndogo ya mtu ya usingizi, "Mbona umeniamsha? Nilikuwa nimelala vizuri." Akafunga macho tena.

Mtumbwi iligonga matete ikakwama ndani, na hapo tulikaa. Mvua haikuacha. Nchi kavu haionekani, pikapu haionekani, simu ya mwenye kompresa imekufa. Huyo akasema, pole pole, "Mutu amechoka. Umuache alale."

"Asilale," nikasema. Ile mama ya makaa pia alilala. "Mtu yoyote asimwache alale."

Nikamkalisha, mgongo yake kwa kifua yangu, nikamfunga na mikono, nikaanza kuongea. Hiyo ndiyo kazi najua. Sikuwa na dawa, sikuwa na moto, nilikuwa na mdomo. Kila kichwa yake ikianguka mbele, nampiga shavu na naongeza sauti.

"Wewe shemeji ya bure. Unasikia? Siku ya harusi ulikuja na viatu ya kuazima. Miguu yako ilikuwa inaogelea ndani, ukatembea kama bata mbele ya wazee, dada yangu alitaka kuingia chini ya meza. Fungua macho! Siku ile timu ya Onduparaka inacheza, ulishangilia goli kabla ya mpira kuingia, na haikuingia, na walitaka kutupiga sisi wote wawili. Mi nilipigana kwa sababu yako. Unakumbuka? Sema unakumbuka."

"Mm."

"Mm ni nini? Ng'ombe ndiyo inasema mm."

Alikuwa anatetemeka, halafu aliacha kutetemeka, na hiyo iliniogopesha zaidi. Nikamwuliza jina ya mtoto yake ya kwanza. Hakujua. Nikauliza tena, akataja jina ya marehemu baba yake. Mzee akageuza uso akaangalia matete. Mi nikaongea maneno yenye hata sikumbuki, nikamtukana ukoo yake mzima mpaka Sudan, nikamwambia chakula ya dada yangu ni mbaya na yeye peke yake ndiyo anaweza kuikula, kwa hiyo asikufe, nani ataikula? Sauti yangu ikapotea. Nikaendelea na ile kidogo ilibaki, kwa sikio yake.

"Bata," nikamwambia. "Bata ya viatu ya watu."

Mvua ilikuwa imepungua. Upande ya ng'ambo anga ilianza kuwa kijivu. Nilisikia kifua yake inapanda, inashuka, na kila ikishuka nangoja.

"Shemeji," akasema.

"Niko."

"Ile viatu." Akapumzika. "Ilikuwa yangu."

"Uongo! Ilikuwa ya kuazima, na mwenye viatu mi namjua!"

"Ilikuwa yangu. Ni kubwa tu. Nilinunua kubwa."

"Nani ananunua viatu ya harusi kubwa?"

"Ilikuwa bei nzuri," akasema, amekasirika kabisa, na akajaribu kugeuka anitazame.

Mwenye kompresa akaanza kucheka na kulia pamoja. Mzee ya mtumbwi akajifunika kichwa na shati. "Sasa munyamaze," akasema. "Watu wamechoka na viatu."

Mi sikunyamaza. Nikamshika shemeji zaidi, nikamwambia arudie, ilikuwa ya nani.

"Yangu."

Nikamwambia arudie tena.